Kambi ya Watafiti wa Virusi Naivasha: Tathmini ya Mshiriki

Kambi hii huandaliwa na idara ya chuo kikuu kimoja cha Kenya kwa ajili ya watafiti wa virusi wa Afrika Mashariki, na safari hii ilifanyika katika hoteli iliyo kando ya Ziwa Naivasha, yapata kilomita 90 kutoka Nairobi. Niseme mapema kwamba namshauri mwanafunzi yeyote wa uzamili au uzamivu anayeshughulika na virusi vinavyohama kati ya mifugo na binadamu ajiandikishe, ingawa hapa chini nitakuwa na maneno makali kidogo kuhusu ratiba, kuhusu intaneti, na hasa kuhusu watu ambao nusura wasiwepo. Naandika kama mhadhiri kutoka Tanzania ambaye ada yake ililipwa na mradi wala haikutoka mfukoni mwake, na msomaji azingatie hilo anaponisikia nikisema kwamba bei ilikuwa ya haki.

Ada ilijumuisha kitanda katika chumba cha watu wawili, milo mitatu, chai ya saa nne na ya saa kumi, pamoja na basi la kwenda na kurudi Nairobi. Posho haikuwepo. Hilo lilielezwa wazi katika barua ya mwaliko, lakini bado baadhi ya washiriki walifika wakitarajia bahasha, na mnong'ono uliendelea kwenye meza za chakula hadi siku ya pili. Mimi naona waandaaji walifanya vyema, kwa sababu mkusanyiko unaolipa posho huvuta watu wa kutia saini kwenye orodha, na asubuhi inayofuata viti huwa vitupu. Hapa viti vilijaa mpaka mwisho, isipokuwa saa moja nitakayoieleza. Ukilinganisha na mikutano mikubwa ya Ulaya, ambako mwanafunzi wetu hutumia miezi akihangaikia viza ili asimame kando ya bango lake kwa saa mbili, gharama ya Naivasha ni ndogo na faida yake haina kifani.

Uchaguzi wa mahali haukuwa wa mandhari peke yake, ingawa sina shaka kwamba mandhari yalichangia. Ni kwenye shamba la kondoo karibu na ziwa hili ambako vifo vya wanakondoo na kuharibika kwa mimba za kondoo viliwaleta Daubney, Hudson na Garnham, ambao mwaka 1931 walichapisha maelezo ya kwanza ya kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaowapata pia binadamu. Mhadhara wa ufunguzi ulisimulia kazi hiyo kwa utaratibu mzuri: jinsi watafiti hao walivyoona kwamba kondoo wakihamishiwa nyanda za juu ugonjwa unakoma, wakaanza kuwashuku mbu, na jinsi wachungaji na baadhi ya waliochunguza mizoga nao walivyoshikwa na homa. Mhadhiri hakuishia kwenye historia, bali aliitumia kuuliza swali moja ambalo liliongoza mazungumzo yote yaliyofuata: ikiwa tumekifahamu kirusi hiki tangu 1931, na tunafahamu kwamba huamka baada ya mvua kubwa, kwa nini mlipuko wa 1997 na 1998, kisha ule wa 2006 na 2007 uliopita Kenya, Somalia na Tanzania, yote miwili ilitukuta tukitafuta glovu?

Jibu la kibaiolojia lilitolewa na wataalamu wa mbu, na lilikuwa miongoni mwa mawasilisho bora kabisa. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde madogo yenye nyasi, na mayai hayo, mengine yakiwa yamekwisha kurithi kirusi kutoka kwa mama, huweza kukaa makavu kwa miaka. Mvua ya El Niño inapojaza mabonde hayo kwa wiki kadhaa, mayai huanguliwa, mifugo ya kwanza huumwa, na baada ya hapo mbu wa aina nyingine, wakiwemo Culex, hubeba kirusi kutoka mnyama hadi mnyama kwa kasi ambayo Aedes peke yao wasingeiweza. Mwasilishaji alileta udongo halisi ndani ya trei ya plastiki, akaumwagia maji mbele yetu tulipokwenda kunywa chai, na tuliporudi viluwiluwi vilikuwa tayari vinacheza majini. (Alituhakikishia kwamba udongo huo ulitoka kwenye kundi la mbu wa maabara wasio na maambukizi. Hata hivyo, nilimwona profesa mmoja akihamisha kiti chake safu mbili nyuma.)

Laiti siku yote ya kwanza ingekuwa ya namna hiyo. Ratiba ilipanga mawasilisho ya dakika kumi kumi, moja baada ya jingine, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi, bila kutenga nafasi ya kutosha ya maswali, na kama ilivyo desturi yetu, kila mwenye cheo alitumia dakika ishirini na tano huku mwenyekiti wa kikao akiona haya kumkatiza. Waliolipa deni hilo ni wanafunzi. Binti mmoja aliyekuwa amefanya kazi nzuri juu ya protini ya kirusi inayozima kinga ya awali ya mwili, ile inayoitwa NSs, alipewa dakika nne za mwisho kabla ya chakula, akaruka slaidi zake kama mtu anayevuka barabara ya Thika kwa miguu. Waandaaji wanahitaji mwenyekiti mwenye kengele na roho ngumu. Fedha za ziada hazihitajiki kwa hilo.

Kilichoiokoa kambi, na kinachonifanya niiandikie tathmini hii, ni kikao cha usiku ambacho kwenye ratiba kiliandikwa tu kama mazungumzo baada ya chakula. Masharti yake yalikuwa rahisi: kila anayetaka kuzungumza alete matokeo yaliyomshinda, yaani jaribio lililokwama, takwimu zisizoeleweka, au makala iliyokataliwa na jarida, na asilete slaidi zaidi ya moja. Mwanzoni palikuwa kimya, kwani hakuna msomi anayependa kuanika aibu yake mbele ya msimamizi wake. Kisha mwanafunzi mmoja wa uzamivu akajitokeza.

Alimulika ukutani picha ya sahani ya plastiki yenye visima 96, aliyoitumia kupima kingamwili za Homa ya Bonde la Ufa, yaani protini ambazo mwili hutengeneza ukipambana na kirusi, katika damu ya kondoo kwa njia ya ELISA, kipimo kinachotoa jibu kwa rangi. Katika kipimo hicho, kisima chenye kingamwili huwa bluu, na kikitiwa tindikali hugeuka njano. Alieleza kwa unyenyekevu kwamba kondoo wengi kuliko ilivyotarajiwa walionekana kuwahi kuambukizwa, jambo lililomfurahisha kwa sababu lilitoa picha ya maambukizi ya kimyakimya katika eneo lisilo na historia ya mlipuko, mpaka alipogundua kwamba hata kisima kimoja cha kulinganishia, ambacho hakikupaswa kuwa na kingamwili yoyote, nacho kilikuwa njano. Alirudia kipimo mara kadhaa akitumia vitendanishi vipya na kupata jibu lile lile. Maprofesa wakaanza kutoa nadharia: pengine kuna kirusi kingine cha jamii hiyo kinachochanganya kipimo, pengine damu ilikaa kwenye joto kwa muda mrefu.

Ndipo mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango aliponyanyuka. Hakuwa kwenye orodha ya wazungumzaji. Alikuwa fundi sanifu wa maabara aliyekuja akiendesha gari la mkuu wake. Alisogea hadi ukutani, akapitisha kidole juu ya picha kutoka kushoto kwenda kulia.

"Mwanangu," alisema, "hebu tazama. Njano yako kubwa yote iko mstari wa D, tangu kisima cha kwanza mpaka cha kumi na mbili. Kondoo hawaugui kwa mstari."

Akaeleza kwamba mashine ya kuoshea sahani ina sindano nane, moja kwa kila mstari, na kwamba sindano ikizibwa na chumvi ya maji ya kuoshea, mstari wake hauoshwi sawasawa, rangi hubaki, na kila kisima chake huonekana kana kwamba kimepata jibu la ndiyo. Dawa yake ni kuzibua sindano kwa waya mwembamba, kupitisha maji yaliyosafishwa kila jioni kabla ya kuzima mashine, na kuacha kupanga visima vyote vya kulinganishia mahali pamoja.

"Ahsante sana, mzee," mwanafunzi akajibu. "Kumbe miezi yote hii nimekuwa nikipima mashine."

Ukumbi ulicheka, naye akacheka, na kuanzia hapo ndimi zilifunguka. Tulikaa hadi saa sita usiku. Mmoja alisimulia jinsi friza la nyuzi 80 chini ya sifuri lilivyokaa bila umeme mwishoni mwa juma lenye sikukuu, na jinsi walivyookoa nusu ya sampuli kwa barafu kavu iliyoazimwa kutoka taasisi jirani. Hilo likazaa mjadala mrefu kuhusu jenereta, kuhusu nani hushika funguo za stoo ya dizeli siku za mapumziko, na kuhusu ulazima wa kugawa sampuli za thamani kwenye mafriza mawili yaliyo katika majengo tofauti. Mwingine alisimulia kuhusu maabara ya usalama wa kiwango cha tatu, yaani ya kushughulikia vimelea hatari, iliyojengwa kwa fedha za ufadhili, ikazinduliwa kwa hotuba, kisha ikafungwa kwa kukosa vichujio vya hewa na mtu mwenye ujuzi wa kuvibadilisha. Haya hayaandikwi kwenye majarida, na mwanafunzi hawezi kuyapata kwa kusoma. Yanapatikana kwa watu waliokaa na mashine miaka ishirini.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu kubwa. Fomu ya usajili ilikuwa na daraja tatu za ada, za wahadhiri, za wanafunzi na za washiriki kutoka nje ya kanda, lakini haikuwa na daraja la mafundi sanifu, na walioniambia walijaribu kuomba punguzo walijibiwa kwamba kambi ni ya watafiti. Mzee yule alikuwa ukumbini kwa sababu tu alikuwa na leseni ya udereva. Ningependa mwakani kila maabara inayoleta wanafunzi wawili ilete na fundi sanifu mmoja kwa ada ya mwanafunzi, na akae mbele.

Jambo hilo hilo lilijitokeza kwa upande wa wafugaji. Katika kikao kuhusu utabiri wa milipuko tulionyeshwa, kwa haki kabisa, mafanikio ya mwaka 2006, pale wanasayansi wa NASA walipotumia picha za setilaiti za joto la bahari, mvua na uoto, wakatoa tahadhari wiki mbili hadi sita kabla ya wagonjwa wa kwanza kutambuliwa. Ni kazi ya kupigiwa mfano. Lakini aliyesimama baadaye, afisa mifugo wa kaunti aliyealikwa kwa nusu saa, alitukumbusha kwamba wafugaji wa Kisomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya nao waliona dalili mapema: mvua isiyo ya kawaida, wingi wa mbu, kisha mifugo kutupa mimba na kutokwa damu puani, kabla wizara haijasikia lolote. Alieleza simu ya mfugaji inavyokuwa. Mfugaji hamwambii kwamba kuna mlipuko, humwambia kwamba mbuzi kumi wametupa mimba tangu juzi na watoto wanabeba mizoga kwa mikono. Afisa huyo anatakiwa afike na glovu, barakoa na boksi la barafu. Yeye boksi lake aliliazima kwa muuza samaki, na sampuli ilifika Nairobi siku kadhaa baadaye. Alieleza pia kwa nini wengine hawapigi simu kabisa. Soko likifungwa, familia haina kipato, na watu wa Pembe ya Afrika hawajasahau kwamba baada ya ugonjwa huo kuonekana Saudi Arabia na Yemen mwaka 2000, mara ya kwanza nje ya Afrika na visiwa vyake, mifugo ya Somalia ilifungiwa soko la Saudi Arabia hadi 2009.

Nusu saa hiyo ilistahili asubuhi nzima. Hapakuwa na mfugaji hata mmoja, na sidhani kwamba kumleta mmoja kutoka Garissa au Simanjiro kungegharimu zaidi ya mikoba yenye nembo tuliyopewa mlangoni.

Mada ya chanjo ilishughulikiwa kwa kiasi cha kuridhisha. Chanjo za mifugo zipo, ikiwemo ile ya zamani ya kirusi hai cha Smithburn, ambayo huweza kuharibu mimba, lakini kwa binadamu bado hakuna chanjo yenye leseni. Chanjo ya ChAdOx1 RVF (RVF ni kifupi cha jina la Kiingereza la homa hii), iliyotengenezwa Oxford na ambayo mtafiti Mkenya George Warimwe ni miongoni mwa walioiongoza, imekwisha kufikia majaribio ya binadamu, na mawasilisho juu yake yaliwafaa hata wasio wataalamu wa kinga. Siwezi kusema hivyo kuhusu somo la uchambuzi wa vinasaba, ambalo lilitegemea kompyuta zilizoko ng'ambo. Intaneti ya hoteli ilikatika dakika kumi baada ya kuanza, fundi akaitwa, fundi akatafutwa, na mwisho tukaangalia picha za skrini ambazo mwalimu alikuwa nazo kwenye simu. Waandaaji wa somo la namna hiyo wanapaswa kuleta programu na data kwenye diski za kubebeka, hasa wakati genomu ya kirusi hiki, yenye vipande vitatu vidogo, inaweza kuchambuliwa kwenye kompyuta ya mapajani bila shida.

Sasa ile saa ambayo viti vilikuwa vitupu. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu milipuko mikubwa ulipitishwa Mei 2025, lakini kiambatisho chake kuhusu kugawana vimelea na manufaa yatokanayo navyo kiliachwa kijadiliwe baadaye, na hakuna jambo linalozigusa maabara zetu kwa ukaribu zaidi ya hilo. Kila mmoja pale ukumbini alikuwa na kisa cha sampuli iliyokwenda nje ya nchi na kurudi ikiwa makala yenye majina ya wengine, au cha ushirikiano kati ya vyuo viwili vya kanda hii hii uliokufa kwa sababu mkataba wa kuhamisha sampuli ulikaa mezani kwa mwanasheria hadi ufadhili ukaisha. Waandaaji waliiweka mada hiyo asubuhi ya mwisho, baada ya chai, wakati mabegi yalikuwa yamekwisha kupangwa kwenye korido na dereva wa basi akitazama saa. Mwanasheria aliyekuja alikuwa hodari, alileta rasimu fupi ya mkataba ambayo vyuo vingeweza kuijaza na kuitia saini, na aliwahutubia watu wasiofika ishirini. Nilichukua nakala ya rasimu ile, na kwa kazi yangu naiona ya manufaa kuliko slaidi zote za siku ya kwanza.

Malazi yalikuwa safi, maji ya moto yalipatikana asubuhi na jioni, na neti za vitanda hazikuwa na matundu, jambo ambalo kwa kundi lile lilikaguliwa kwa makini kuliko ambavyo wahudumu wamezoea. Chakula kilikuwa kingi: samaki wa ziwani, ugali, sukuma wiki, na nyama choma jioni ya kuagana, wasiokula nyama walipewa githeri kila siku bila mabadiliko. Usiku viboko hutoka ziwani kula nyasi za bustani, hivyo hairuhusiwi kutembea kutoka ukumbini hadi vyumbani bila askari wa hoteli. Askari walikuwa wawili tu, na kikao kilipomalizika saa sita tulisimama kwenye baridi tukisubiri zamu. Matembezi ya Hell's Gate yalikuwa mazuri kwa anayependa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia, lakini yalimeza mchana mzima, na mimi ningependelea muda huo tupelekwe kwenye shamba la kondoo.

Anayetoka Tanzania ajue kwamba Naivasha iko juu sana kuliko anavyodhani, usiku hudai sweta nzito, na kwamba kadi ya chanjo ya homa ya manjano huulizwa Namanga wakati wa kurudi. Katika basi letu wataalamu wawili wa virusi hawakuwa nayo, na tuliwasubiri karibu saa nzima wakijieleza dirishani. Ukichanjwa mara moja inatosha; tangu 2016 kadi hiyo hutambuliwa kwa maisha yote. Anayejiandikisha kwa mara ya kwanza aombe chumba cha upande wa ukumbi, kwa sababu ya viboko, alete tokeo moja lililomshinda, na kama maabara yake ina gari, dereva awe fundi sanifu.